Kioo Chembamba na Majoho ya Kwaya

Tarehe 4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua yameniacha, na lile koti jeusi la mvua ulilonipa ndilo linaloniokoa na manyunyu ya huku. Magoti yako yanasemaje? Na jirani yetu fundi cherehani, bado anaimba akishona? Nisalimie sana.

Usishtuke ukiona kifurushi. Kifungue taratibu, mezani, si juu ya kitanda. Ndani kuna kamera. Ndiyo ile, mama. Ile niliyokuwa nikikwambia kiwandani tunatengeneza kitu, ukanijibu kuwa hata wewe unatengeneza kitu, unatengeneza chai. Sasa imetoka.

Utaijua ukiishika tu, maana ni ndugu wa ile yako ya zamani uliyonifundishia. Unachungulia kwenye kidirisha, katikati unamwona mtu amegawanyika wawili, unazungusha lenzi mpaka wale wawili wanakuwa mmoja, unabonyeza. Tofauti ni kwamba ndani hamna filamu. Mahali pa filamu tumeweka kihisi, kipande kidogo kinachopokea mwanga na kuiandika picha kwenye kadi. Kiwandani walisema mambo haya mawili, kidirisha cha zamani na kihisi, hayakai nyumba moja. Yamekaa.

Sasa nikuonyeshe kipande changu mimi. Juu ya kihisi kuna kioo. Wenzangu walitaka kinene, mimi nikapigania chembamba, kwa sababu kinene kinafanya picha ifie pembeni. Tulibishana mpaka watu wakawa wanakula meza tofauti. Mwishowe mkuu wa kiwanda, ambaye tunamwita Mzee Milimita kwa sababu hupima hata unene wa mkate wake, akasema haya, wekeni kioo cha binti. Kwa hiyo ukiona mtu aliyesimama mwisho kabisa wa mstari ametoka safi kama aliye katikati, ujue hiyo ni kazi ya mwanao.

Ni ya majaribio hiyo. Wamepewa wapiga picha wachache, nami nikaomba moja ije kwako. Mwezi wa Juni itazinduliwa na kuanza kuuzwa. Ina kasoro tunazozijua, kama betri, ambayo ni mwongo mkubwa. Ninazozitaka ni zile tusizozijua. Ifanyie kazi ya kweli, kwa wateja, usimpige picha paka. Ukiona baya niambie kama lilivyo, usinivike kilemba cha ukoka. Na niandikie, maana kwenye simu wewe husema "mimi mzima" kisha unampa jirani.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Magoti yananiuma nikipanda ngazi, na yanapona nikisikia mteja anaita mlangoni. Fundi cherehani anakusalimu. Bado anaimba, na bado anaimba vibaya.

Kifurushi nilikifungulia mezani kama ulivyoagiza, ila siyo peke yangu. Nilimwita fundi, akaja na mteja wake aliyekuwa anapimwa suruali, pini bado ziko kwenye pindo. Nikawaambia simameni hapo, msiguse kitu, hii imetengenezwa na binti yangu. Yule mteja akauliza imetengenezwa na binti yako peke yake? Nikamwambia wengine walimsaidia.

Nilipochungulia kwenye kidirisha nikaona wawili wanakuwa mmoja, nilikaa kwenye stuli ya wateja nikatokwa na machozi. Hukuwa na meno ya mbele ulipoanza kuchungulia kwenye ile ya zamani, ukawa unaniambia, "Mama, mteja wako amekuwa wawili, mlipishe wawili." Leo umetengeneza ya kwako. Nimevimba kichwa mpaka kilemba changu cha siku zote hakinitoshi.

Kasoro umezitaka, haya pokea. Betri inaniambia imejaa, na kabla sijageuka imezima. Siku moja kamera iliganda wakati bwana harusi ameshatabasamu, ikabidi niitoe betri, niipulize, niirudishe, na yule bwana amekaa na tabasamu lake lilelile kama ameagizwa dukani. Na mlio wake si wa adabu. Nilibonyeza kwenye ukumbi uliotulia, watu wakageuka kama nimepiga chafya. Hayo ndiyo niliyoyaona.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kwaya. Walitaka picha ya ukumbusho wakiwa na majoho yao meusi, wengine wana ya zamani, wengine mapya aliyoshona fundi wetu mwaka huu. Nimekuwekea nakala kwenye bahasha. Nimezitoa nyeusi na nyeupe, nimeona hivyo zina heshima zaidi. Mtazame yule mama wa mwisho kushoto, yuko pembeni kabisa ya picha na ukitaka unaweza kuzihesabu nyusi zake. Hicho ni kioo chako, mwanangu.

Kila anayeingia studio anaisikia habari yako. Mtu anakuja kwa picha ya pasipoti, anaondoka anajua vioo vinene na vyembamba. Fundi anasema nikiendelea hivi wateja watahamia kwake, wakapigwe picha na cherehani.

Mama yako


Tarehe 20 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo tena na tena. Barua yako niliisomea kwenye korido nimesimama, sikuweza kungoja nifike chumbani. Mimi nakula, nalala, nafua, usianze maswali.

Picha za kwaya nilizibandika ukutani kiwandani. Mzee Milimita alisimama mbele yake mikono nyuma, akatoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akaanza kumkagua yule mama wa mwisho kushoto, unywele kwa unywele. Akauliza nani amepiga. Nikasema mama yangu. Akasema, "Mwambie mama yako anaijua kazi." Nikamjibu anajua kwamba anaijua. Akacheka, mama. Mhasibu alitoka ofisini kuja kuangalia nani anacheka.

Sasa kuna jambo lilitokea, lakini nimeshalimaliza. Mwenzangu wa chumba cha majaribio alileta malalamiko kwamba pazia lake jeusi likipigwa picha linatoka na rangi ya ajabu, kama zambarau, na akataka kila kitu kisimame mpaka kioo changu kikaguliwe. Nilimwambia akague taa zake kwanza. Nikamwonyesha kwaya yako. Akasema hizo hazina rangi, haziwezi kuthibitisha kitu. Basi nikaitoa barua yako mfukoni nikamsomea mbele ya wote: betri, kuganda, mlio. Nikamwambia mama yangu amekuwa akitazama nguo za watu kwenye picha tangu kabla sijazaliwa, na haoni aibu kusema. Kama joho jeusi lingetoka zambarau, angekuwa wa kwanza kuniandikia. Mzee Milimita akasema kama ni hivyo, Juni inabaki Juni.

Na bado sijakwambia kubwa. Wanaitaka picha ileile ya kwaya, kwa rangi zake, iwe bango la ukumbi mzima siku ya uzinduzi, na chini yake jina la studio yako. Mimi nitasimama mbele yake kueleza habari ya kioo. Nimewaza hilo njia nzima ya kwenda nyumbani, mpaka nikapitiliza mlango wetu. Nitumie kadi yenyewe, picha ziwe kama zilivyotoka kwenye kamera, usiziguse.

Binti yako


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kikohozi, kisha mashine ya kuchapia ikaharibika, kisha kikohozi kikarudi.

Hilo la bango limenifurahisha, ila ninakuomba waweke ile nyeusi na nyeupe. Inatosha, na ukubwa utaipendeza. Za rangi sizioni. Hizi kadi ni ndogo mno, ukiiweka mezani ukageuka kidogo imeshajificha. Nitaendelea kuitafuta.

Huku ni mambo ya kawaida tu. Mwalimu wa kwaya alikuja studio kutazama picha zake, akatoka amekunja uso, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani kumgombeza kwamba majoho mapya ameyashona kwa kitambaa kibovu. Anataka yote yarudiwe. Fundi ameacha kuimba tangu siku hiyo. Ni mambo yao ya kwaya, yatakwisha.

Betri bado inadanganya. Jitunze, uvae vizuri.

Mama yako


Tarehe 24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole na kikohozi, kama kipo.

Nimekulia kwenye ile studio. Kila filamu ina bahasha yake, na kila bahasha ina jina la mteja juu. Watu waliokukimbia bila kulipa, picha zao bado unazo. Sijawahi kuona umepoteza hata kipande. Leo umepoteza kadi ya kamera niliyokutumia mimi?

Na huyo mwalimu wa kwaya, aliingia kwako kutazama picha akatoka anamgombeza fundi. Aliona nini humo ndani?

Jana mchana jua lilitoka. Nilichukua lile koti langu la mvua, la nailoni, nikalitundika uani nikalipiga picha. Limetoka zambarau. Nikatundika sketi yangu nyeusi ya pamba palepale. Imetoka nyeusi. Nilirudia mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nauza nguo.

Kwa hiyo najua tayari, mama, lakini nataka nilisikie kwako. Majoho mapya yalitoka rangi gani? Nilisimama mbele ya watu nikasema wewe ungekuwa wa kwanza kuniandikia. Mimi ndiye niliyekichagua kile kioo, na kamera hii ikiingia dukani hivi, kila bwana harusi mwenye suti ya nailoni atakuwa na haki ya kutucheka. Uzinduzi umekaribia.

Binti yako


Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Kikohozi hakikuwepo, na kadi haikupotea. Ilikuwa kwenye bahasha yake, ina jina.

Majoho ya zamani yalitoka meusi. Majoho mapya yalitoka zambarau iliyoiva. Nusu ya kwaya rangi hii, nusu rangi ile, kama timu mbili zimekutana uwanjani zikaamua ziimbe tu. Kwanza nilifikiri ni macho yangu, nikafuta miwani. Kisha nikausingizia wino. Mwishowe nilimwomba fundi vipande vilivyobaki vya vitambaa vyote viwili, nikavitandika kwenye ngazi ya nje, nikavipiga picha. Cha pamba cheusi, cha nailoni zambarau. Hapo nikajua ni kamera, nikakaa kwenye ngazi hiyohiyo mpaka mteja akaja kuniuliza kama nimefunga.

Wewe unaijua kazi yangu. Mtu akija na chunusi, anaondoka hana. Hajaniomba, na sijamuuliza. Bibi harusi aliyelia asubuhi namtoa uvimbe wa macho. Mkono unakwenda wenyewe. Sasa nimeletewa kitu kilichotoka mikononi mwa mwanangu, nimekipokea na moyo umejaa, nakuta kina doa usoni. Nikakitoa rangi zote, nikakoleza weusi kwenye majoho mapya yasitofautiane na ya zamani, nikakurudishia kimependeza. Sikuona kama nakudanganya. Niliona kama nakuosha uso kabla hujatoka mbele za watu.

Liko baya zaidi. Mwalimu wa kwaya aliziona zile za rangi kwenye skrini ya nyuma ya kamera kabla sijawahi kuizima. Alipokwenda kumfokea fundi mbele ya wateja wake, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, nasikia kila neno. Ilikuwa ni kuvuka tu nikaseme. Lakini kusema ni kamera ilikuwa kusema ni binti yangu, baada ya kuwajaza watu wa mtaa mzima habari zako. Nikarudi ndani. Na fundi huyo ndiye aliyenifungulia na kunifungia studio nilipolazwa, akawa anawaambia wateja kwamba nimekwenda kununua filamu. Nikimwona anashona kimya, nashusha pazia la dirisha langu.

Kadi nimeifunga kwenye pamba, iko ndani ya bahasha hii. Sijagusa kitu. Itumie unavyoona ni haki, hata kama itanitia aibu. Ninachoogopa ni kwamba itakutia wewe.

Mama yako


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima huko uliko. Naandika kabla ya zamu yangu ya kuandika, maana barua yako haijaja na simu yako inaita tu mpaka inachoka.

Nilivuka, mwanangu. Nilimwita na mwalimu wa kwaya, tukakutana pale kwa fundi kati ya cherehani na kioo cha kujitazamia. Nikawapa kila mmoja kipande cha kitambaa ashike, nikawapiga picha, nikawaonyesha palepale. Nikawaambia kitambaa hakina kosa, fundi hana kosa, kamera hii inaona vibaya, na imetengenezwa na binti yangu. Nilisema yote kwa pumzi moja ili nisipate nafasi ya kuacha la mwisho.

Mwalimu wa kwaya aliomba msamaha kwa sauti ya chini sana, yeye ambaye siku zote anawagombeza watu kwamba hawapazi sauti. Nilimgeukia fundi, nikitamani anitukane tu. Kisha akasema, "Mimi nimeshawahi kumshonea mtu suruali yenye mguu mmoja mrefu, na akaivaa barabarani mbele yako. Ulidhani nitakucheka?" Akaniuliza kama nataka chai. Jioni nikamsikia anaimba, vibaya vilevile, nikasimama dirishani nikamsikiliza mpaka mwisho.

Sasa limebaki lako. Huu ndio mwezi wa uzinduzi, na sijui kama kuna uzinduzi. Sijui kama kioo kimekuponza, sijui kama bado una meza hapo kiwandani. Mzee Milimita akitaka kumlaumu mtu, mwambie anilaumu mimi, ninazo barua zinazoonyesha. Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukiwa wa kunigombeza nitaupokea.

Mama yako anayekusubiri


Tarehe 2 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilikununia wiki ya kwanza tu, sitakuficha. Baada ya hapo nilikuwa sijui nikwambie nini, kwa sababu sikujua litaishia wapi. Sasa najua.

Kadi ilifika siku ya kikao cha mwisho kabla ya uzinduzi. Wote walikuwepo, hata watu wa mauzo na tai zao. Ilipofika zamu yangu ya kueleza habari za bango, niliiweka picha ya kwaya ukutani, kubwa, na rangi zake zote. Mtu mmoja nyuma akauliza kama hizo ni kwaya mbili.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema, hiki ni kioo changu. Nilikipigania chembamba ili picha isifie pembeni, na haifi, mtazameni huyu mama wa mwisho kushoto. Lakini wembamba huohuo unapitisha mwanga ambao macho yetu hayauoni. Nailoni inaurudisha kwa wingi, kihisi kinaupokea, na kwa kuwa hakijui kiuite nini, kinauita zambarau. Kisha nikamgeukia mwenzangu wa chumba cha majaribio, nikamwambia mbele ya wote kwamba taa zake zilikuwa nzima siku zote, mimi ndiye sikutaka kuona. Nikakaa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitabebaje vitu vyangu.

Mzee Milimita alitoa kioo chake cha kukuzia akaenda ukutani. Akakaa huko muda mrefu, mgongo tu ndio tunaouona. Akauliza, "Hii ameituma mama yako?" Nikasema ndiye, na hajaigusa. "Na ile ya mwanzo?" Nikasema pia ni yeye, ile aliiosha uso. Akarudi akakaa, akasema, "Mna kosa moja wewe na mama yako. Mmeipenda kabla haijamaliza kutengenezwa." Halafu akawaambia watu wa mauzo kwamba Juni imekufa.

Usije ukawatangazia majirani kwamba yote yamekwenda vizuri. Uzinduzi umesogezwa mpaka mwisho wa mwaka. Mimi nimeondolewa kwenye orodha ya watakaozungumza siku hiyo. Mkubwa wa mauzo akiniona kwenye ngazi anakumbuka amesahau kitu ghorofani. Kamera zitatoka na kioo cha ziada cha kufunga mbele ya lenzi, cha kuzuia ule mwanga, na karatasi inayomweleza mnunuzi wazi kwa nini anakihitaji. Hiyo karatasi nimepewa niiandike mimi.

Lakini sikiliza na hili. Kuna kamera ya pili, itakayokuja baada ya hii, na kioo chake nimepewa mimi. Mzee Milimita alinisimamisha mlangoni akaniambia kwamba wanaojua kukisifu kioo chao anao wengi. Kesho yake nikakuta meza yangu imehamishiwa chumba cha majaribio, imebanana na ya yule mwenzangu. Tunatengeneza kioo chembamba vilevile, ila kimepakwa utando wa kuuzuia ule mwanga. Jana tulikijaribu kwa lile koti langu la mvua. Lilitoka rangi ya kahawa. Si nyeusi bado, lakini mwenzangu alinipa mkono, na siku hizi tunakula meza moja.

Kwaya yako nyeusi na nyeupe bado iko ukutani, Mzee amekataa isitolewe. Anasema ule mwanga unaoharibu rangi ndio huohuo uliozilainisha nyuso namna ile, na kwamba kwa picha zisizo na rangi hajawahi kuona kamera inayoifikia hii. Nilimwambia huenda na mkono wako umo. Je, umo?

Kioo cha ziada nimekuwekea humu. Waliopewa za majaribio wanaruhusiwa kuzirudisha na kupewa nzima zikitoka, kwa hiyo ukitaka nirudishie. Mwambie fundi naomba radhi kwa niaba ya kioo. Na wewe, mama, usiniondolee tena chunusi bila kuniuliza.

Mwanao


Tarehe 25 Julai

Mwanangu,

Marahaba, mwanangu. Magoti yapo. Barua yako nimeisoma mpaka fundi ameikariri, anaiimba akishona, na ndivyo nilivyojua kwamba amenisamehe kabisa.

Ulichouliza nakujibu. Chunusi niliwatoa wawili tu, mwalimu wa kwaya na yule wa besi aliye nyuma yake. Wengine wote ni kioo chako. Mwambie Mzee Milimita asinipe sifa za watu.

Kamera ilipofika nilivimba kichwa, unakumbuka. Niliposoma ulivyosimama mbele ya wenye tai ukasema hiki ni kioo changu, haikuwa hivyo. Nilitulia. Nilifunga studio mchana kweupe, kitu ambacho sikukifanya hata siku ile mvua ilipoingia ndani, nikazunguka mtaa mzima kwa miguu. Sikumwambia mtu yeyote neno. Nilitembea kifua mbele tu, na magoti hayakunikumbusha kama yapo. Nimezaa mtu, nikawa najiambia. Nimezaa mtu.

Kioo cha ziada nimekifunga. Mwalimu wa kwaya alileta watu wake tena, na majoho yote yametoka meusi, ya zamani na mapya, huwezi kuwatenga. Amelipa na ameondoka anacheka. Betri ilizima katikati, tukaimba kidogo mpaka ikaamka.

Ila kamera siirudishi. Hiyo nzima ikitoka nitaipokea, na ya pili yenye kioo chako kipya nitaipokea, nitazipanga zote mezani. Lakini hii haitoki humu ndani. Waambie imepotea, kama kadi ilivyopotea.

Na kuna jambo nimelifanya, nakueleza kabla hujasikia kwa wengine. Pale dirishani pa barabarani, ilipokaa picha ya yule bibi harusi tangu ukiwa mdogo, nimeitoa. Nimeikuza ile picha ya kwaya ya kwanza, ya rangi, nimeiweka hapo. Watu wanasimama. Wanauliza ni kwaya gani hii ya watu wa rangi mbili, wanagonga vioo, wanacheka, wanaingia ndani kuuliza. Mwalimu wa kwaya alilalamika siku mbili, sasa ameshamleta mke wake na shemeji zake kuitazama. Fundi amepata oda ya majoho ya zambarau, zambarau ya kweli, na anasema ana deni kwako.

Sikuigusa picha hiyo. Zambarau ni zambarau, na mwalimu wa kwaya na yule wa besi wana chunusi zao zote. Chini yake nimebandika karatasi, nimeiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, hata anayepita upande wa pili wa barabara anaisoma:

"PICHA YA KWANZA YA KAMERA ILIYOTENGENEZWA NA BINTI YANGU. MAJOHO NI MEUSI. KIOO ANAKISHUGHULIKIA."

Mama yako